Sungura wa Nekesa na Neno Ukungu

Mchungaji wetu, uliyeacha shughuli zako za Jumapili alasiri ili uketi nasi. Mama yangu mzazi, Shosho wa wajukuu wote waliomo humu. Kaka yangu Njoroge, mkubwa wetu tangu baba alipotutoka. Mume wangu, Baba Wairimu, mwenye nyumba hii. Majirani wa mtaa wetu wa Woodley, ambao ua wenu na wetu ni mmoja. Nanyi vijana mliosimama barazani kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu nyote, kila mtu kwa heshima yake.

Mliniomba niseme neno la kumuaga binti yetu, ambaye kesho anasafiri. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi, na mnajua kwamba nikisimama bila karatasi siketi upesi. Kwa hiyo nimemwandikia barua. Barua ni yake, ila kuna mambo ndani yake yanayowahusu ninyi, na mwisho wake unawahusu ninyi kuliko yeye. Naomba mnivumilie niisome.

Mwanangu Wairimu,

Sitakuambia uvae sweta. Baba yako amekwisha kukuambia, Shosho amekuambia, na mama wa nyumba ya pili amekuletea soksi za sufu ambazo nadhani zilifumwa kwa ajili ya ng'ombe. Sitakuambia ule vizuri wala upige simu. Mambo hayo utayajua kwa kuyakosa, kama sote tulivyoyajua.

Nataka nikueleze kwa nini nimeona fahari, na pia nimeona haya, kila nilipoulizwa unakwenda Uskoti kusomea nini. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijibu, "Mambo ya maabara." Jibu hilo liliwaridhisha watu wa kanisani. Halikumridhisha jirani yetu mmoja, ambaye leo yuko hapa na ataniwia radhi, maana alinibana mpaka nikasema ukweli: unakwenda kusomea kuvu zinazoishi ndani ya mapafu ya wanyama wanyonyeshao. Akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa huko kwa wazungu hawana ukungu wao, mpaka awapelekee wa kwetu?"

Tulicheka. Lakini neno alilolitumia, ukungu, ndilo lililonifanya nikae chini niandike barua hii.

Unamkumbuka mjomba wako Kamau kwa vipande vipande, kama mtoto anavyokumbuka. Unakumbuka kwamba alikaa na mkewe, Anti Nekesa, katika chumba cha nyuma ya nyumba hii. Unakumbuka kizimba cha mbao kilichoegemea ua, na sungura waliokuwa ndani yake, kwa sababu uliwapa majina ya walimu wako, na yule mnene mwenye masikio yaliyolala ulimpa jina la mwalimu mkuu. Nekesa alikuwa mtu wa Bungoma, na alikuwa na mkono wa kufuga. Alianza na sungura wawili. Haukupita muda akawa anawapelekea nyama wapishi wa nyumba kubwa kubwa za Kitisuru, akirudi jioni na kikapu kitupu na hadithi za mbwa wa huko, ambao alisema wanakula vizuri kuliko diwani wetu. Kamau alimwita "Meneja". Akiulizwa yeye mwenyewe anafanya kazi gani, alikuwa akijibu, "Mimi ni mume wa Meneja."

Kisha figo za Kamau zikaharibika. Hilo pia unalikumbuka, angalau ule unjano wa uso wake. Njoroge akampa figo moja. Nalisema hili mbele ya watu kwa sababu Njoroge hajawahi kulisema. Alilala kwenye meza ya upasuaji akiwa mzima, akaamka akiwa amepungua, na jambo la kwanza alilouliza lilikuwa, "Imeshika?" Ilikuwa imeshika. Kamau alirudi Woodley akitembea kwa miguu yake, na kila siku akanywa dawa za kuutuliza mwili wake usiikatae figo ya kaka yake. Hatukuelewa vizuri kwamba dawa hizo, katika kuutuliza mwili usipigane na figo, ziliutuliza usipigane na vitu vingine pia. Tulikuwa na furaha. Watu wenye furaha hawaulizi maswali mengi.

Alipoanza kukohoa tulisema ana kifua. Kikohozi kilikuwa kikavu, pumzi fupi, na kupanda ngazi mbili za baraza kulimfanya ashike ukuta. Tukampeleka hospitali. Na hapo, katika ujia ulionukia dawa ya kuosha sakafu, ndipo mama yako, mwalimu wa Kiswahili, alipotoa fasili sahihi kuliko zote alizowahi kutoa, na ikawa msiba.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alituona tumesimama na Shosho katikati yetu, akaamua kwa heshima yake kuacha Kiingereza. Akasema, "Shosho, tumepata shida yenyewe. Kwa mapafu yake kumeingia ukungu. Tumeshaanza dawa."

Akaitwa, akaenda.

Shosho akanigeukia. "Ukungu upi? Ule wa Limuru?"

Alifikiri juu ya ule unaofunika mashamba ya chai asubuhi, na kwa hakika neno linamruhusu kufikiri hivyo. Mimi nikajibu kama ninavyojibu darasani. "Hapana, Mama. Neno hili lina maana mbili. Kuna ule mvuke mzito wa alfajiri, na kuna ile hali ya kuota kitu cheupe au cha kijani juu ya vitu vilivyokaa na unyevu, kama mkate, au ngozi, au nyasi. Daktari anamaanisha hii ya pili."

Mwanafunzi angeniandikia hivyo ningempa alama zote.

Njoroge, aliyekuwa ameegemea dirisha, akasema taratibu, "Nyasi."

"Ni mfano tu," nikamwambia.

"Nyasi za wale sungura. Zilinyeshewa juzi. Niliziona zimeota hivyo hivyo, nyeupe. Nikamwambia yule mwanamke azitupe."

Hakuna aliyemfuata daktari kumuuliza. Hilo ndilo ningependa ulibebe, Wairimu, kuliko sweta. Daktari alikuwa mlango wa tatu kutoka pale tuliposimama. Tulikuwa na swali, na mtu wa kulijibu alikuwa karibu, lakini tayari tulikuwa tumepata jibu la Kiswahili fasaha, na ufasaha ukatutosha.

Kamau hakupona. Baada ya mazishi, Njoroge alikwenda nyuma ya nyumba na mafuta ya taa. Sungura walikuwa wamekwisha kuchinjwa na kuzikwa. Hatukuwala wala hatukumpa mtu. Alichoma kizimba. Nekesa alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Alikunja shuka la mwisho, akaliweka juu ya mengine, akaingia ndani. Hakusema neno, nasi tulikihesabu kimya kile kuwa ni kukiri.

Hakufukuzwa na mtu. Kwa miaka mingi tumejivunia hilo. Tulichofanya ni kidogo kidogo tu: mtu akivuta kiti chake pembeni, mtu akikumbuka kwamba ameshiba, wewe ukiitwa ndani kila ulipokwenda kukaa mapajani mwake. Siku moja alikuja mlangoni akiwa amevaa kanzu ya kanisani, akaniambia amepata chumba Ngara. Nikamjibu, "Sawa, Mama." Sikumwita kwa jina lake. Wewe ulinishika sketi ukauliza kama Anti anakwenda na mwalimu mkuu.

Ukakua. Nami sikujua kwamba swali lile hukuliacha.

Mwaka jana ulikuja nyumbani wikendi, ukanikuta jikoni nikichambua maharagwe, na mjomba wako Njoroge amekaa pale pale anapokaa, karibu na dirisha, akisubiri chai. Ukaniuliza bila utangulizi, "Mathe, Anko Kamau alipewa dawa gani kule hosi?"

"Nitajuaje? Ni zamani."

"Jaribu kukumbuka. Ilikuwa ya kuvu, zile za kawaida, ama ilikuwa salfa, ile ya bakteria?"

Hiyo nilikumbuka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia kumeza vidonge vile kabla hajawekewa dripu. Vilikuwa vikubwa na vyeupe, na Kamau alisema ni kama kumeza kifungo cha koti. Muuguzi aliniuliza mara nyingi kama ana aleji ya salfa. Nikakuambia.

Ukaweka kikombe chini. "Basi haikuwa sungura."

Njoroge akacheka kwa pua. "Wewe hukuwa umezaliwa na akili bado. Daktari alisema ukungu. Mama yako alieleza hapo hapo."

"Anko, ukungu ya nyasi haiuliwi na salfa. Salfa ni ya ile ingine, ile inakaa kwa mapafu ya watu. Na hiyo haiwezi toka kwa sungura ikuje kwa mtu. Sungura ako na yake. Panya ako na yake. Mbwa, nyani, kila mtu na yake."

"Kwani ukungu unaitishwa kitambulisho mlangoni?"

"Ee, Anko. Inaitishwa."

Ukakaa kati yetu, ukachukua maharagwe yangu ukayapanga mezani, na ukatueleza. Nitayarudia uliyosema kwa lugha yangu, ili waliopo wayasikie. Nikikosea utanisahihisha tukimaliza, si sasa.

Ulisema kwamba kuvu karibu zote duniani hazina haja nasi. Zinaishi kwa kuozesha majani na magogo, na joto la miili yetu pekee linatosha kuzifukuza. Mnyama mwenye damu moto ni tanuri kwao. Ila zamani sana, wakati hapakuwa na mtu wala sungura, kuvu moja yenye jamaa zake kwenye mimea na udongo iliingia katika mapafu ya wanyama wanyonyeshao wa mwanzo, ikalivumilia joto, ikakaa. Wanyama wale walipozaa na kutawanyika, huyu akawa na masikio marefu, huyu akapanda mitini, huyu akaanza kutembea kwa miguu miwili, kuvu ilikwenda na kila ukoo. Kila ukoo ulipobadilika, kuvu yake ilibadilika kuufuata. Ukayagawa maharagwe kwa mafungu. Fungu hili na fungu lile, ukasema, yametoka kwa babu mmoja, lakini yameachana kwa muda mrefu hivi kwamba leo hayawezi kubadilishana nyumba. Ya panya ikipelekwa kwa mtu haishiki, na ya sungura itakufa kwa mtu kama mtu atakavyokufa akitaka kuishi ndani ya maji.

Njoroge akauliza, "Inashindwaje, na mapafu ni mapafu?"

Ndipo uliposema lile lililonifanya niache kuchambua. Ulisema kuvu hii imeishi ndani ya mwenyeji wake kwa muda mrefu mno mpaka imetupa jiko lake. Kuvu nyingine hujitengenezea vitu vya kujengea mwili. Hii imeacha. Kwa nini ipike, na mwenye nyumba anapika kila siku? Inachukua kwetu vya kujengea protini, inachukua kwetu mafuta ya kujengea ngozi yake, na kwa kuwa mafuta yale si yale ya kuvu nyingine, ndiyo maana dawa za kawaida za kuvu haziijui. Ufundi iliouacha umefutika katika mbegu yake. Mkiitoa na kuiweka katika chombo cha maabara, mkailisha kila mnachojua, inafifia. Imekuwa mpangaji anayejua kabati za nyumba moja tu.

Na ina makoti, ukasema. Ina makoti mengi, na inayabadilisha, leo hili kesho lile, ili askari wa mwili wasiizoee sura. Njoroge akasema, "Kama wale wezi wa soko la Gikomba." Ukamwambia hasa, kama wale.

Kisha akauliza swali ambalo naamini alikuwa analizunguka tangu mwanzo. "Sasa kama haikutoka kwa sungura, ilitoka wapi?"

Nilikuona ukichagua maneno, na nilijua kwamba umekwisha kuwa mtu mzima. Ukasema, "Kwa mtu, Anko. Inapita kwa hewa. Karibu sisi wote tunaipata tukiwa watoto wadogo, na mwili unaituliza, hata hatujui. Mtu yeyote mzima anaweza kuwa nayo bila kuugua. Anko Kamau alikuwa hana askari. Inaweza kuwa ilikuwa ndani yake tangu utotoni. Inaweza kuwa alipewa na mtu alikuja kumuona."

"Sisi ndio tulikuja kumuona," Njoroge akasema.

"Ee."

"Mimi nililala pale kando yake kwa kiti."

"Anko, si makosa ya mtu. Huwezi acha kupumua."

Njoroge akaiacha chai yake. Akatoka nje, akasimama karibu na ua, mahali ambapo nyasi hazijawahi kuota vizuri tangu moto ule. Nilitaka kumfuata. Ukanishika mkono ukaniambia, "Muache, Mathe." Alikaa huko mpaka baba yako aliporudi. Tangu siku ile hajalizungumzia jambo hilo, nami sikumlazimisha, kwa sababu mimi pia nilikuwa na ua wangu wa kusimama kando yake.

Nilikuwa nimeamini kwamba kosa letu lilikuwa kutojua sayansi. Hakuna anayeweza kulaumiwa kwa hilo. Wataalamu wenyewe, ulivyoniambia, walifikiri kwa muda mrefu kwamba watu huipata kutoka kwa wanyama. Lakini kadiri nilivyokaa na maelezo yako niliona kwamba sayansi haikuwa mwanzo. Tulikuwa na uchungu uliohitaji mahali pa kukaa, na ulichagua mtu ambaye hakuwa wa ukoo wetu. Uchungu ule ulipata mwanamke wa Bungoma mwenye lafudhi yake na wanyama wake na mume aliyejiita mume wa Meneja. Ukakaa hapo. Fasili yangu iliufungulia mlango tu. Ingekuwa mkwe mwenye asili ya Kikuyu kama sisi ndiye mfugaji, nadhani Njoroge angesema nyasi vile vile. Lakini nadhani mtu mmoja kati yetu angemfuata daktari.

Nakuambia haya si ili uende na mzigo. Nakuambia kwa sababu unakwenda mahali ambapo wewe ndiwe utakayekuwa na lafudhi. Kutakuwa na siku ambapo kitu kitaharibika katika maabara ile, na macho yatakugeukia kabla ya maswali. Siku hiyo ukumbuke kwamba unajua namna inavyotokea, kutoka upande wetu wa meza. Watu wenye uchungu au wenye haraka hawatafuti uongo. Wanatafuta jibu linalofanana na jibu. Usiwachukie. Sema unachokijua, wazi, kama ulivyosema jikoni, na umpe mtu nafasi ya kutoka nje kusimama kando ya ua.

Na siku nyingine wewe ndiwe utakayekuwa na fasili nzuri mkononi. Nakuomba siku hiyo uende mlango wa tatu ukaulize.

Kuna jambo lingine, na hili ni langu na lako. Tangu uliponieleza juu ya kuvu iliyotupa jiko lake nimekuwa nikijitazama. Mzazi naye hufanya hivyo, Wairimu. Miaka mingi nimepata habari za dunia kutoka kwako, kicheko changu kutoka kwako, na hata hasira yangu umekuwa ukinipikia, maana nilikasirika pale tu ulipokasirika. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na mambo yangu. Niliimba kwaya. Niliandika mashairi, na si yote yaliyokuwa mabaya. Niliyaacha moja moja kwa sababu nyumba ilikuwa na mtoto, na mtoto alinitosha. Sijuti hata siku moja. Lakini wewe kesho unatoka, nami sitaki kuwa kitu kinachofifia katika chombo. Nimekwisha kumwambia mwalimu wa kwaya kwamba Jumatano nitafika. Amesema sauti ya tatu ina upungufu, na kwamba upungufu huo una umri wako.

Wewe vile vile, usitupe jiko lako. Utakutana na watu watakaokulisha: mwalimu mkarimu, rafiki, pengine mwanamume. Kula, ushukuru. Lakini kile unachojua kukipika mwenyewe, yaani namna yako ya kuuliza, usimwachie mtu akufanyie mpaka uisahau. Kuvu ile haikupoteza ufundi wake siku moja. Iliupoteza kwa kulishwa vizuri.

Hata hivyo nimeipenda kidogo, kuvu yako, nisiseme uongo. Katika mamilioni ya miaka ya kukaa pamoja imejifunza, kwa walio wengi, kukaa bila kuumiza. Watoto wanaipata wakiwa hawajajua kutembea, wanaendelea kutambaa, hawajui. Viumbe viwili visivyochaguana vimepata njia ya kuvumiliana mpaka kimoja kidhoofike. Na dawa ya kumlinda anayedhoofika ipo, ulisema. Leo mtu aliyepewa figo hupewa salfa pia mapema, kabla ya kukohoa. Angepewa hivyo, Kamau angekuwa hapa. Hilo linaniuma, na pia linanipa tumaini, kwa sababu kuna Kamau wa mtu mwingine aliyeko mahali fulani leo, akipanda ngazi bila kushika ukuta, kwa kuwa mtu kama wewe alikaa na darubini akauliza.

Sasa nimalize kwa jambo ambalo hulijui.

Mwezi uliopita nilikwenda Ngara. Nilijiambia nahitaji vifungo. Nekesa ana kibanda cha nyuzi, zipu na vifungo katika jengo moja la wauzaji wa jumla, chini ya ngazi. Nywele zimeanza kuwa nyeupe pembeni. Aliponiona hakushtuka. Akasema, "Mwalimu. Karibu. Unataka rangi gani?"

Nikasema, nadhani, bluu.

Akanitolea bluu za kila namna, akazipanga mezani. "Hii ni ya shati. Hii ni ya sare ya shule, hii haipasuki kwa pasi." Kisha, bila kuinua kichwa, "Wairimu hajambo?"

"Hajambo. Anasafiri. Anakwenda kusoma ng'ambo."

"Alikuwa anapenda kuuliza maswali." Akafunga vifungo kwa gazeti. "Aliniuliza siku moja kama sungura wanaota ndoto. Nikamwambia nitawauliza."

Nilifungua kinywa, Wairimu. Mimi ambaye nimezungumza mbele ya wakaguzi na mbele ya maaskofu. Mteja mwingine akaingia akitaka zipu, Nekesa akamgeukia, nami nikatoka na vifungo nisivyovihitaji. Nilipofika barabarani nilijilaumu kwa woga. Baadaye nikaona kwamba haukuwa woga tu. Neno langu moja, la mimi peke yangu, lingekuwa dogo kuliko kosa. Lile neno la hospitalini nililisema mbele ya ukoo, na ukoo ukalitenda. Siwezi kwenda kulifuta nikiwa peke yangu kwa siri kati ya zipu na vifungo, kisha tukarudi hapa tukaendelea kukaa kama kawaida. Lazima lifutwe na waliolisikia.

Kwa hiyo barua yako inaishia hapa, mwanangu. Nenda, soma, uliza. Nakupenda bila fasili.

Wakubwa zangu na ndugu zangu, yanayofuata ni yenu.

Nimezungumza na Baba Wairimu, na nimezungumza na Mchungaji, nao wamekubali nilitangaze kama uamuzi wa nyumba hii. Mama, najua hukuambiwa, na najua moyo wako umeruka uliposikia jina lake. Nakuomba uketi nalo garini, maana tunakwenda kwake sasa. Binti yetu haondoki kesho akiwa amewaaga watu wote wa familia yake isipokuwa mmoja. Leo Nekesa yuko nyumbani kwake Ngara. Jumapili hafungui kibanda. Hajui kwamba tunakuja. Anaweza kukataa kutuona, na akikataa itakuwa haki yake, nasi tutarudi bila kunung'unika na tutakwenda tena. Akitufungulia, nitasema mbele yenu nyote kwamba nililieleza neno vibaya, ijapokuwa nililieleza sawasawa, na kwamba sungura wake hawakumuua mume wake. Kisha kila aliyewahi kuvuta kiti chake pembeni atasema la kwake. Jiwe la kaburi la Kamau, lililoandikwa kwamba alikuwa mwana na kaka, litaongezewa kwamba alikuwa mume, na jina la mke litaandikwa kwa namna yeye mwenyewe atakavyotaka liandikwe.

Magari yako nje. Mama atakaa mbele. Vijana, tembeeni mpaka stendi mpande matatu, mtatukuta Ngara. Njoroge, kaka yangu, wewe ulitoa figo na hukuwahi kutudai hata shukrani, na leo nakudai mimi. Ngazi za jengo analokaa ni nyembamba, tutapanda mmoja mmoja. Wewe ndiwe mkubwa wetu. Utatangulia, ubishe hodi, na ukiulizwa nani, utataja jina lako.